Kisutu Kilichongojea Geneva

Malek hakuwa na desturi ya kuja na habari moja. Kila Jumatatu akitoka kiwandani Wembley alipitia duka la Vijay, jirani na stesheni ya Rayners Lane, akaegemea kaunta, akaomba chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshazika watu wawili, ameoza watatu na kumnunulia mmoja nyumba Leicester. Huko Unguja alikuwa fundi wa saa. London walimpa kazi ya kufunga maboksi, basi ule ufundi wake wa kufungua vitu kutazama ndani mna nini ukahamia mdomoni.

Jumatatu hii, ya mwanzo wa Oktoba mwaka wa sabini na moja, aligonga kidole juu ya gazeti lililokuwa kaunta.

"Umemwona, dada Lila? Mfalme wa Japani. Kesho anakuja kunywa chai kwa Malkia. Gari la farasi, mabendera barabara nzima. Marehemu baba yako angekuwepo angefunga duka."

"Hili duka la Vijay," Lila akasema. "Na Vijay hafungi hata afe mtu."

Lila alikuwa mama yake Vijay, mjane wa miaka hamsini na kidogo, mwenye kiti chake nyuma ya kaunta, kati ya peremende na sigara, ambacho hapana mteja wala mkwe aliyethubutu kukikalia. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwaangalia watoto wa shule wasidokoe chokoleti. Kazi yake hasa ilikuwa kuikumbuka Unguja, na hiyo aliifanya kutwa kucha bila likizo.

Malek akapuliza chai. "Na Biubwa yuko hapa."

"Biubwa yupi?"

"Jamani! Kwani wako wangapi? Biubwa wenu wa Mchangani. Yuko Thornton Heath kwa mwanawe. Anamwoza binti yake mdogo, Zuwena, Jumamosi ya wiki ijayo, wawahi kabla Ramadhani haijaingia. Sasa kisa ni kisutu. Mama mtu kasema mwanawe haolewi bila kisutu, na London nzima hakuna. Wamekwenda Southall, duka kwa duka. Sari za kila rangi! Avtar yule wa Nairobi anazijua leso, lakini kisutu hana. Akawatolea kitambaa cha meza chenye maua. Biubwa nusura ampige nacho."

Malek alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Lila hakucheka. Alikuwa ameushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Usimwambie mtu kuwa ni mimi niliyekwambia," akasema Malek, maana hivyo ndivyo alivyomaliza kila habari.

Alipoondoka, Lila alipanda ghorofani akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, walipokuwa wanaondoka Unguja na kila mmoja anabeba anachoweza, Vijay alimwona mama yake anaiacha cherehani, anaziacha sufuria za shaba na picha za harusi yake mwenyewe, anachukua doti moja ya kisutu, jozi ya kanga za bibi harusi ambayo haijakatwa. Alimwuliza kama ana akili timamu.

"Hivyo vingine ni vyangu," Lila alimjibu. "Hiki cha mtu."

Kilikuwa bado vilevile, kimekunjwa kama kilivyotoka kwenye robota, kimezungushiwa uzi mweusi. Na uzi ule ulikuwa na fundo ambalo halijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka thelathini na minne.

Sasa fundo lile halieleweki kwa mtu asiyelijua duka la Mzee Kailash, baba yake Lila, pale Mchangani. Lilikuwa duka la kanga, si pana, ila refu kwenda ndani, na lilinuka wanga wa nguo mpya na kafuri. Marobota yalishuka kutoka Osaka na Kobe, na Alhamisi likifunguliwa toleo jipya wanawake walijaa mpaka barazani, wakavutana, wakataniana, wakamtukana Mzee Kailash kwa mapenzi naye akawatukana vilevile. Miaka hiyo Japani iliivisha Unguja nzima. Kanga za Japani, fulana za Japani, viatu vya mpira, bakuli za enameli, baiskeli. Mtu ambaye mamaye alijifunga kitambaa kimoja mwaka mzima, yeye sasa alibadilisha kanga kwa sikukuu. Wazungu wa viwanda vya nguo vya Manchester walinuna, lakini walibanwa na mikataba yao wenyewe iliyoiacha milango ya Afrika Mashariki wazi kwa kila mwenye kuuza, na wanunuzi hawakuwa na habari na manuno yao.

Duka lile lilikuwa na sheria moja. Mteja akipenda nguo, na siku ya kuichukua haijafika, iliwekwa kando, naye huizungushia uzi akapiga fundo kwa mkono wake mwenyewe. Hapo basi. Nguo hiyo haiuzwi tena, haikunjuliwi, haionyeshwi. Fundo hufunguliwa na aliyelifunga. Mzee Kailash alikuwa akisema kwamba duka zima ni lake isipokuwa yale mafundo, na ole wake mtumishi aliyepitisha kidole hapo.

Biubwa alifunga fundo lake mwezi wa Rajabu, mwaka wa thelathini na saba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, sawa na Lila, na nyumba zao zilitazamana uchochoroni hata mmoja akipiga chafya mwingine humwombea uzima. Mmoja Mhindu anayefukiza udi mbele ya miungu yake, mwingine Mwislamu wa shamba la karafuu na chuo cha Kurani, lakini walikua pamoja, wakala mkate wa ufuta sahani moja, wakasutana, wakapatana. Harusi ilipangwa Shaabani. Biubwa alichagua kisutu kwa siku tatu, utadhani vilikuwa vya aina mia, wakati kisutu ni kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakina neno lolote lililoandikwa, na bibi harusi asiyekalishwa juu yake na kufunikwa nacho watu watamwuliza kwani ameokotwa wapi.

"Doti tutaigawa," Biubwa alisema huku akikaza fundo kwa meno. "Kipande changu, kipande chako. Na wewe ndiye utakayenifunika. Shangazi zangu wana mikono mizito."

Lila aliapa. Ndiyo siku iliyokuwa tamu kuliko zote za ujana wake, na alipokuwa kule Rayners Lane, sanduku limefunuliwa mapajani, aliweza bado kuuona ule uzi mweusi ukipita kati ya meno ya Biubwa.

Ubaya ni kwamba Mzee Kailash alikuwa msomaji wa magazeti. Yalimfikia kwa meli, yamechelewa, naye aliyasoma kwa sauti barazani, wanaotaka wasikilize na wasiotaka wasikilize vilevile. Mwaka wa thelathini na moja Japani ilipoichukua Manchuria, aliuchora ulimwengu kwenye kaunta kwa chaki ya kupimia nguo ili mwanawe aone Manchuria iko wapi. Akamwonyesha na Geneva, palipo Shirikisho la Mataifa. Mabwana wa Geneva watalimaliza, alisema. Mabwana wakatuma tume, tume ikaandika, wakaiambia Japani irudi nyuma, na Japani ikachukua kofia yake ikatoka mkutanoni. "Amenuna," akasema Mzee Kailash. "Atarudi." Italia ilipowaingilia Wahabeshi, watu wa Mchangani walimuuliza mabwana wako wanasemaje? Akawajibu wana mkutano. Alikuwa mtu mwenye akili kwa kila jambo jingine, lakini Geneva aliiamini bila kipimo.

Basi ule mwaka wa harusi, Japani ikaingia China yenyewe. Mabomu yalianguka Shanghai juu ya watu waliokuwa wanakwenda sokoni. Kutoka India wakubwa wa siasa wakawaambia Wahindi popote walipo, msiuze wala msinunue cha Japani. Wafanyabiashara wa mjini walikutana, wakanyoosha mikono, wakasema tumegoma, kisha wengi wao wakarudi madukani kuuzia mlango wa nyuma. Mzee Kailash peke yake ndiye aliyegoma kwelikweli. Alitoa kila robota la Osaka rafuni akalifungia ghalani, na rafu zikabaki tupu. Afisa mmoja wa Kiingereza alikuja kumpongeza. Mzee alimjibu kwamba hajagoma kwa ajili ya Manchester, akamwomba asimzibie mlango.

Na kisutu cha Biubwa kilikuwa cha Osaka.

Mama yake Biubwa alikuja mwenyewe, na buibui lake na heshima zake zote. Mzee Kailash alimwekea kiti, akamwitia kahawa, akamweleza habari za Shanghai kwa upole. Akasema mataifa yameshatoa azimio, na mwezi ujao yanakutana Brussels, Japani itasikia, haiwezi kukosa kusikia. "Nipe wiki chache, bibi. Siku Japani itakapotoka China, hicho kisutu nitakuletea mwenyewe kichwani."

"Bwana Kailash, Shaabani inakwisha. Ramadhani utaoza wewe?"

"Basi niwape cha Uingereza, bure."

"Kile chenye weusi mtupu? Si kisutu kile, ni nguo ya matanga." Yule mama akasimama. Ni lazima ikumbukwe kuwa mwaka uleule wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamegoma pia kununua karafuu, kwa ugomvi wao na serikali, na karafuu za mumewe zilikuwa zimerundikana zinaoza. "Kwanza mmegomea karafuu zetu. Sasa mmegomea harusi ya mwanangu. Hata kidogo hamwoni haya?"

Lila alilia, akamshika baba yake miguu. Mzee Kailash alitikisa kichwa. Alisema kitu kimoja tu, ambacho bintiye alikichukia miaka mingi: "Hakitoki, na hakiuzwi. Ni chake."

Harusi ikawa. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, mabwana ndio kwanza walikuwa wanavuta viti Brussels. Lila alikwenda jioni ya harusi na sinia la asumini na vilua kichwani. Alisimama mlangoni. Wanawake walipita kulia na kushoto kwake, na hapana aliyemwambia karibu. Kwa ndani, katikati ya taa, alimwona Biubwa amekalishwa juu ya kisutu cha kuazima kilichopauka mpaka wekundu wake umekuwa rangi ya matofali. Macho yao yakakutana. Biubwa akageuza uso ukutani. Lila akaliweka sinia barazani akarudi kwao, hatua chache zile za uchochoro, na tangu jioni hiyo hawakusemezana.

Mzee Kailash hakuinuka tena. Wateja walihamia kwa wale wa mlango wa nyuma na hawakurejea. Alikufa mwaka mmoja kabla vita vikuu havijamalizika, duka limebaki la nyuzi na vifungo. Mwaka wa arobaini na tano Japani iliposalimu amri na kutoka China, Lila alikichukua kisutu akakipeleka kama baba yake alivyoahidi. Mama yake Biubwa alimpokea kizingitini. "Harusi imeshapita, mwanangu," alimwambia, wala hakusema kwa ubaya. "Kisutu cha nini sasa?" Akarudi nacho. Kukataliwa kule kulimuuma kuliko kule kwa kwanza, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa na wa kumlaumu.

Ndiyo maana, kule London, alikaa kitandani muda mrefu na ile doti mapajani. Akikataliwa tena, hii itakuwa ya mwisho. Yeye na Biubwa hawakuwa wasichana. Hapakuwa na mwaka mwingine wa kungojea. Na kukaa Rayners Lane bila kujaribu kulikuwa na raha yake, maana mtu ambaye hajakataliwa anaweza kuota anachotaka.

Asubuhi yake alivaa koti lake la kijivu juu ya sari, akakitia kisutu kwenye mfuko wa duka.

"Unakwenda wapi?" Vijay akauliza. "Leo town kutakuwa hakupitiki, mama. State visit."

"Napeleka mzigo wa mteja."

"Mteja gani? Sisi hatupeleki mizigo."

"Wa babu yako," akasema Lila, akatoka.

Vijay alisema kweli. Aliposhuka Victoria kubadilisha treni, askari walikuwa wamefunga njia, na kabla hajajua anafanya nini umati ulikuwa umemsukuma mpaka kwenye kizuizi cha barabara. Juu kulikuwa na bendera, ile nyeupe yenye duara jekundu, zinapepea pamoja na za Waingereza. Alizoea kuiona bendera hiyo imepigwa muhuri kwenye marobota. Aliukumbatia mfuko wake.

Jambo lililomshangaza ni ukimya. Watu walikuwa wengi, tena Waingereza wanaopenda shamrashamra za farasi, lakini hapakuwa na vifijo. Kando yake alisimama mzee mmoja mwenye nishani za vita vya Japani kifuani na mkono mmoja usionyooka. Sauti ya kwato iliposikika, mzee yule aligeuka taratibu, akaipa barabara kisogo, akawa ametazamana uso kwa uso na Lila. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Lila hakujua la kufanya, akamwinamia kichwa kama anavyoinamiwa mfiwa.

Gari likapita. Yeye aliona kofia tu, na kioo, na kipande cha glavu. Alikuwa akidhani siku atakapoona kitu kama hicho atakuwa na hasira. Hasira haikuja. Kilichokuja ni baba yake, amekaa barazani na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, gazeti la mwezi uliopita mkononi, anawaahidi watu wa Mchangani kwamba mabwana watalimaliza. Akatamani awepo. Baba, alisema moyoni, mwenyewe huyu hapa. Anapita na Malkia. Na mimi nina kisutu chake kwapani.

Akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Mzee wa nishani akampa leso yake ya mfukoni.

Thornton Heath kulikuwa na manyunyu. Nyumba aliipata kwa kuuliza kwenye duka la samaki, na mlango ukafunguliwa na msichana mrefu mwenye hina mpya kwenye kucha, ambaye hakuhitaji kutambulishwa, kwa kuwa alikuwa na kidevu cha Biubwa.

"Yes? Oh, samahani, shikamoo. Karibu. Mama! Kuna mgeni wako."

Biubwa alikuwa amekaa mbele ya hita ya mafuta ya taa. Alijifunga kanga kiunoni, juu yake sweta la mwanawe lililomfika magotini, na soksi mbili mbili miguuni. Aliinua uso. Akamtazama mgeni toka kichwani mpaka miguuni.

"Umenenepa," akasema Biubwa.

"Na wewe umekonda."

"Baridi hii. Mie nasema Mzungu alitutawala kwa hasira ya baridi, si kwa kingine. Kaa."

Lila hakukaa. Aliogopa akikaa ushujaa wote utamtoka. Alikitoa kisutu mfukoni, akakiweka juu ya meza ndogo, kati ya vikombe na tarizi za harusi. "Nimekuletea mzigo wako," akasema.

Biubwa aliutazama ule uzi mweusi. Akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika.

"Hukulifungua."

"Si fundo langu."

"Miaka yote hii? Hata kutazama kama nondo wamekila?"

"Wewe ulilijua duka la baba. Ningelifungua vipi?"

Biubwa aliinuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Zuwena alisimama na birika mkononi, hajui amimine au aondoke. Lila akasubiri. Akaona basi, yameisha, nimekataliwa mara ya tatu, na akaanza kuukunja ule mfuko mtupu ili awe na cha kushika wakati wa kutoka.

"Wifi zangu walicheka," Biubwa akasema, bila kugeuka. "Siku ile. Walisema bibi harusi amekalishwa juu ya dekio. Mie nilimlaani baba yako, Lila, Mungu anisamehe. Nilisema, huko China kuna nani anayenijua mie? Wachina wafe wasife, nao wana habari gani na harusi yangu? Niliyasema hayo miaka ishirini na sita."

"Nilijua."

"Hujui. Ngoja." Akageuka. Uso wake ulikuwa umeloa. "Ikaja sitini na nne. Mume wangu walimchukua hapo barazani, na kikombe cha kahawa mkononi, na hakurudi. Mie nikakaa ndani na watoto na redio. Nikasema leo London watasema neno. Kesho wale mabwana wa Umoja wa Mataifa watasema neno. Nilikuwa kama baba yako na Geneva yake, nimetega sikio mpaka betri zikaisha. Unajua nilisikia nini? Meli. Honi ya meli bandarini, imekuja kupakia karafuu. Ulimwengu ulikuwa na haja na karafuu tu, ukazinunua kama kawaida, ukaenda zake."

Alisogea mezani, akaweka kiganja juu ya kisutu.

"Hapo ndipo nikamkumbuka Mzee Kailash. Nikasema, yule mzee alifunga duka lake kwa watu asiowajua hata majina. Akafilisika kwa ajili yao. Mie, Lila, nani alinifungia duka? Hata mmoja? Hata kwa siku moja?"

Lila alikuwa amemwona baba yake mjinga tangu ana miaka kumi na tisa. Alikuwa amemwonea haya mbele ya watu wa Mchangani, na baadaye amemhurumia, ambako ni kubaya zaidi. Haikupata kumpitikia kuwa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemheshimu mzee yule kwa jambo lilelile, na kwamba mtu huyo ni Biubwa. Akalia kwa sauti, kama mtoto, amesimama na koti lake. Biubwa akamkalisha kwa nguvu kwenye kochi.

"Nyamaza, shoga. Mambo ya harusi haya. Utatuletea nuksi."

Kisha akaketi kando yake, akakipakata kisutu, akaanza kulishughulikia fundo. Vidole vilikuwa na baridi yabisi, vikashindwa. Zuwena akaleta mkasi. "Ondoa huko!" mamaye akamfokea, akainama, akalishika fundo kwa meno, upande uleule wa kulia. Uzi uliachia.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Wanga na kafuri, na nyuma yake kitu ambacho hapana mmoja wao aliyeweza kukitaja, labda mbao za kaunta ya Mchangani. Walikaa wote wawili wameinamisha nyuso juu ya kitambaa kama wanaonusa mtoto mchanga. Penye mikunjo palikuwa pamepauka, mistari miwili mirefu kutoka pindo hadi pindo. Kwengine kote wekundu ulikuwa uleule. Zuwena alishusha birika.

"Wow," akasema. "Mama, it's beautiful. Hii ya wapi?"

"Ya Japani," Biubwa akamwambia. "Ya duka la babake shangazi yako huyu. Ilichelewa kidogo."

Sasa mkasi ukatakiwa. Biubwa aliikata doti katikati, moja kwa moja, bila kupima, kama walivyokuwa wakikata kwao. Kipande kimoja akamtupia bintiye begani. Cha pili akakiweka mapajani mwa Lila.

"Kipande chako. Tuliagana."

"Chukua," Lila akasema. "Bibi harusi anahitaji vyote, cha kukalia na cha kufunikwa."

"Najua anachohitaji. Atakalia hicho changu, na wewe utamfunika kwa hicho chako, halafu urudi nacho kwenu. Shangazi zake bado wana mikono mizito."

Akamsindikiza mpaka nje, na soksi zake mbili mbili juu ya sementi iliyoloa, ingawa Zuwena alipiga kelele kuwa atapata homa. Lila alikuwa ameshafika kwenye geti, kipande chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa duka, Biubwa alipomwita tena kwa jina lake, kwa sauti ileile ya uchochoroni.

"Jumamosi ile njoo mapema," akasema. "Na usisimame mlangoni."